Kiti cha Chumba cha Sauti

Jumatatu, 3 Juni

Magoti yamevimba kama mikate ya mvuke. Yote mawili, kwa haki na usawa.

Nimesimama mchana kutwa kwenye meza ya kufungasha ya kiwanda chetu hapa Shenzhen, natia hedifoni kwenye maboksi, boksi baada ya boksi, mpaka nimesahau kuwa binadamu aliumbwa na makalio. Msimamizi wetu anasema kusimama kunaleta nidhamu. Anasema hivyo akiwa amekaa.

Lakini leo kuna habari! Mama Ruan wa Chumba cha Sauti anarudi kwao Guangxi kulea mjukuu. Kiti chake kinabaki wazi.

Chumba cha Sauti ni kile kidogo cha ghorofa ya tatu, kilichobandikwa sponji ukutani. Anayefanya kazi humo huvaa hedifoni na kusoma sentensi, na Injinia Kuang, upande wa pili wa ukuta, husikiliza kama sauti inapita hewani bila kukwaruza. Basi. Kazi ni kusema! Humo ndani mna kiyoyozi. Na mna kiti chenye mgongo, mikono na magurudumu. Niliwahi kukigusa nilipopeleka maboksi. Kililia kidogo, nyiii, kama kinaniita.

Kiti hicho ni changu. Lazima. Mganga wa zahanati ya mtaani alinibonyeza magoti akaniambia nichague: kazi ya kukaa, au tiketi ya kurudi nyumbani. Nyumbani ni mlimani, Hunan, mashamba ya mpunga yamepangwa kama ngazi. Hakuna kazi ya kukaa huko. Hata kuku wa kwetu wana misuli. Mke wangu amenitumia ujumbe kwamba nikirudi natembea kama kaa, yeye hanibebi kupanda mlima, nitakaa bondeni na bata.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi kuinama siwezi. Ndiyo maana nataka cha kitini.

Bosi Xie atawapima wanaokitaka Jumatatu ijayo, kwa masikio yake mwenyewe. Tumejiandikisha wawili tu. Mimi, na Guan Dongmei wa meza ya kulehemu. Dongmei anatoka kaskazini mashariki kabisa, huko ambako mtu akiomba chumvi unadhani ni taarifa ya habari. Ana miaka thelathini na moja na magoti ya mbuzi. Kiti anakitakia nini?

Tatizo langu dogo ni ulimi. Kwetu "nne" na "kumi" ni mapacha, hata mama yao hawatofautishi. Na "hu" kwetu ni "fu", na "n" ni "l". Jioni nimefanya mazoezi chooni bwenini. Wenzangu wakanisikia. Mmoja akauliza kwa sauti ya mtangazaji: mzee Liao, msikilizaji wetu, unatupigia kutoka mkoa gani? Nikajisahau, nikajibu: Fulan! Wakacheka mpaka vitanda vikayumba. Wakauliza fulani yupi, ana jina?

Washenzi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeanza mashambulizi. Ukitaka kiti, anza na mtu wa upande wa pili wa ukuta.

Nimempelekea Injinia Kuang shingo za bata za pilipili kutoka kwetu. Kijana mwembamba, miwani minene, hana mchumba, kwa hiyo ana muda. Alikula shingo moja akalia machozi. Ya pili akaanza kueleza kazi yake. Pilipili inafungua watu.

Alisema mashine haijui sauti. Inajua namba tu. Ukisema "halo", halo yako inakatwakatwa vipande vidogo kuliko ufuta, kila kipande kinapewa namba, namba zinarushwa hewani, upande wa pili zinaunganishwa tena kuwa halo. Kazi yake yeye ni ile programu inayopokea vipande. Mle ndani lazima aandike kila kipande kikoje. Asipoandika, au akiandika vibaya, mashine inasoma namba zilezile kwa njia nyingine na halo inageuka uchafu.

Kuna ukubwa wa kipande. Wengine hutumia kipande cha nane, sisi cha kumi na sita. Bosi Xie aligombana naye mwaka mzima akitaka nane, kwa sababu nane ni namba ya bahati. Kuang akamwambia kumi na sita ni nane mara mbili. Bosi akaongeza posho ya chakula.

Halafu kuna alama. Sauti inapanda na kushuka kama pumzi, kwa hiyo namba nyingine ziko juu ya sifuri na nyingine chini. Lakini zipo chipu zisizojua kwenda chini ya sifuri. Kwa hizo, hata kimya kina namba. Tena kubwa! Hapo nilimwelewa sana. Kimya cha mke wangu ni cha aina hiyo.

Mwisho akasema kipande chetu kina nusu mbili, nusu nzito na nusu nyepesi, na katika chipu yetu nusu nyepesi ndiyo inayotangulia.

Shingo ya bata ikaning'inia mdomoni. Nikauliza: mdogo anatangulia? Akasema ndiyo. Mkubwa anasubiri nyuma? Ndiyo. Nikamuuliza nani aliilea mashine hiyo! Sisi jina la ukoo linatangulia, lako linafuata. Kwenye bahasha unaanza na mkoa, halafu wilaya, halafu kijiji, mtu anakuja mwisho kabisa kama mkia. Mezani hakuna kijiti cha kulia chakula kinachogusa sahani kabla ya kijiti cha babu. Kuang akajifuta machozi akasema: "Mzee Liao, mashine haina babu."

Inaonekana.

Nikatumia nafasi hiyo kumwomba aandike aina mpya ya kipande, ya watu wa Hunan, ili nne yangu ifike upande wa pili ikiwa nne. Alicheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye pilipili. Akasema programu inarekebisha namba, ulimi ni kazi ya Mungu.

Shingo tano za bata zimepotea bure.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili. Kama siwezi kupanda mimi, ashuke yeye.

Dongmei mwenyewe alinifuata wakati wa chakula. Alisema amesikia nafanya mazoezi chooni, na kwamba bwenini kwao wanawake pia wamesikia, na kwamba yuko tayari kunifundisha. Nikamtazama usoni nitafute ujanja. Ameuficha vizuri.

Nikakubali, ili nimpeleleze. Akasema: "Kaka Liao, sema nne." Nikasema. "Sasa sema kumi." Nikasema. Akauliza hiyo ya kwanza ilikuwa ipi. Nikamwambia achague anayoipenda. Alicheka, lakini hakuondoka. Alisema niuweke ulimi nyuma ya meno, nisiukunje, niuache ulale kama paka. Ulimi wangu haujawahi kulala. Unatoka ukoo wa watu wanaozozana ng'ambo ya bonde.

Somo lilipoisha, nikatoa silaha. Chupa ya pilipili za kusaga za mama yangu. Hizi si chakula, hizi ni kesi. Mtu wa kaskazini akila kijiko kimoja, koo linafunga wiki nzima. Nikasema dada, karibu, shukrani ya mwalimu.

Alikula kijiko kimoja. Akanyamaza. Nikahesabu ushindi. Kumbe alikuwa anaionja! Akasema kwao wakati wa baridi mate yanagandia mdomoni, na pilipili ndiyo koti la tumbo. Akala kijiko cha pili, cha tatu, akapaka kwenye mkate. Akaniuliza mbona mimi sili, au nimetia sumu? Meza nzima ikanigeukia. Ikabidi nile. Nikala kwa kiburi, kijiko kilichojaa.

Sasa naandika haya sina sauti. Si nne, si kumi. Nimebaki na mluzi.

Dongmei ameondoka na chupa. Amesema nimsalimie mama.

Ijumaa, 7 Juni, sikukuu ya mashua za joka

Kantini imegawa zongzi, ule wali wa kunata uliofungwa kwenye majani. Mmoja wa chumvi na nyama, mmoja wa sukari na maharage. Papo hapo vita vikazuka, wa kusini wakisema wali wa sukari ni uji wa watoto, wa kaskazini wakisema nyama ndani ya jani ni maiti ndani ya sanda. Msimamizi akapigwa na jani shavuni. Sikukuu njema sana.

Mimi nikachukua zangu nikaenda kwa Kuang. Anafanya kazi hata sikukuu, maskini. Sauti yangu ilikuwa imerudi nusu, kama redio yenye betri kuukuu. Nikamuuliza, kwa kupenda elimu tu: hivi mkubwa akitangulia, nini kinatokea?

Akasema sikiliza. Kwenye kioo cha kompyuta yake akanionyesha mstari mmoja. Mimi Kiingereza sijui, lakini macho ninayo. Kuna herufi kama nyoka, halafu kumi na sita, halafu kistari cha chini, halafu herufi kama jembe lililosimamishwa kwa mpini. Jembe ndilo linalosema mdogo atangulie. Kuang akalifuta, akaweka herufi nyingine: mgongo wima kama askari, mbele matumbo mawili. Akabonyeza kitufe kikubwa, akasema sasa mashine inapika programu upya. Ikapika kwa muda wa kumaliza zongzi moja. Akanivalisha hedifoni, akaenda Chumba cha Sauti, akasema maneno.

Mama yangu! Shaaaaaa! Kama karai la mafuta lililomwagiwa maji. Hata aliponyamaza liliendelea. Kuang alirudi akasema maneno yake yalikuwa mazuri kabisa, yaliyoharibika ni maelezo tu. Heshima imewekwa mahali isipotakiwa. Akarudisha jembe, akapika tena, sauti ikawa safi.

Nikasema lo, ajabu, nikamwachia zongzi ya sukari na kutoka polepole. Moyo ulikuwa unadunda kuliko magoti.

Sauti nzuri kama ya redio inaweza kugeuzwa karai la mafuta! Kwa herufi moja!

Mpango umekamilika. Jumatatu kabla ya majaribio naweka matumbo mawili. Dongmei anaingia, anasoma kama mtangazaji, Bosi Xie anasikia shaaaaa. Bosi anamwita Dongmei karai. Wakati wanashangaa, narudisha jembe. Naingia mimi. Hata nikichanganya nne na kumi, baada ya karai la mafuta nitasikika kama kinanda.

Na Dongmei atatangulia, hilo halina shaka. Kiwandani hapa kila kitu huanzia ghorofa ya kwanza: chakula, mshahara, kufukuzwa. Kulehemu ni ghorofa ya kwanza. Kufungasha ni ya pili.

Wakati mwingine najiogopa.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi ya vidole. Sijawahi kugusa kompyuta, lazima nijue matumbo mawili yanakaa wapi. Nimeenda kwa fundi simu wa mtaani mwenye kompyuta mezani. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta herufi yenye matumbo mawili. Akasema hiyo ni nane. Nikasema nane ina kiuno, hii ina mgongo ulionyooka. Mteja mmoja akasema: "Muache, mzee anamwelezea shangazi yake."

Nimeipata. Safu ya chini, katikati, chini ya kidole cha shahada. Nimeibonyeza mpaka fundi akaniambia kama sinunui kitu niende nikambonyeze shangazi.

Dongmei tumekutana langoni. Aliniuliza koo linaendeleaje, akanipa pea iliyochemshwa na sukari, ati inalainisha. Nimeinusa. Nimempa paka wa mlinzi kwanza. Paka yuko hai. Bado siamini.

Jumatatu, 10 Juni

Siku yenyewe.

Asubuhi Kuang alitoka kuchota maji moto ya chai ya Bosi. Nikaweka chini mkate wangu wa pilipili, nikajitosa. Nyoka, kumi na sita, kistari, jembe. Nikafuta jembe. Matumbo mawili, kitufe kikubwa. Ikapika! Nilipotoka mlangoni nilikuwa nimelowa kama taulo, na hatimaye nimekuwa mtu wa kompyuta.

Bosi Xie akafika. Macho mekundu, mifuko chini ya macho kama ya kubebea mchele. Kila mtu anajua halali. Tangu afungue kiwanda usingizi ulimkimbia, na ndiyo maana akili zake humjia usiku na sisi tunazitekeleza mchana. Akakaa kwenye meza yake ya chai, akavaa hedifoni, akatutazama tuliosimama mlangoni.

Akasema: "Kwa heshima. Mkubwa kwanza. Mzee Liao, tangulia."

Nilihisi damu inashuka magotini, na huko hakukuwa na nafasi.

Nikasema hapana Bosi, nani mimi, mgeni wa kaskazini atangulie. Dongmei akasema haiwezekani, Kaka Liao ana umri wa kuwa mjomba wake, akitangulia yeye wazazi wake watasema hawakumlea. Nikasema mwanamke atangulie. Akasema mwenye mvi atangulie. Nikamwambia mvi zangu ni vumbi la sponji. Nikamsukuma kwa adabu kuelekea mlangoni. Akanisukuma kwa adabu zaidi. Ana mikono ya kulehemu, yule! Nikashika fremu ya mlango. Akaibandua mikono yangu kidole kimoja kimoja, huku anasema "tafadhali, tafadhali". Nikaketi sakafuni. Akaniinua kwa makwapa.

Bosi Xie akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mnagombea kazi au mnagombea mchumba? Ingieni wote wawili!"

Tukaingia wote. Mlango ukafungwa. Humo ndani kiti kimoja. Dongmei akasema kaa, Kaka Liao, magoti yako. Nikaona huo ndio mtego wenyewe: nikikaa mimi, sauti itakayoharibika itakuwa ya aliyekaa. Nikamwambia kaa wewe. Akasema hawezi kukaa mkubwa amesimama. Basi mimi, niliyekililia kiti wiki nzima, nikasimama kushoto kwake, naye kulia, kiti katikati yetu kitupu kama mfalme.

Tukasoma pamoja. Ilikuwa sentensi ya kutatanisha ndimi, ya simba kumi na wanne na mawe arobaini. Yeye alisoma kama redio, mimi kama mtu anayefukuza nguruwe kwenye mihogo. Tukamaliza. Hakuna jibu. Tukasoma tena. Kimya. Tukachungulia kwenye kioo cha mlango.

Bosi Xie alikuwa amelala! Kichwa nyuma, mdomo wazi, hedifoni masikioni, kikombe kimeinamia tumboni na chai inamwagika kwenye suruali, na yeye wala hana habari. Kuang amesimama pembeni, mkono mdomoni, haelewi kama aite daktari.

Amelala mpaka saa ya kutoka. Wafanyakazi wa ghorofa zote walipita kumtazama, kwa zamu, kama maonyesho. Alipoamka alisema neno moja tu: "Mvua."

Mshindi hajatangazwa. Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Jembe sijapata nafasi ya kulirudisha.

Jumanne, 11 Juni

Bosi amekuja na alama ya mto shavuni. Uso umenyooka, amekuwa kijana. Amesema jana alisikia mvua ya utotoni, ile ya kwenye paa la mabati, na kwamba watu wasiolala nchi hii ni wengi kuliko wanaoongea kwa simu. Kuanzia sasa tutatengeneza hedifoni za kulalia! Kinachotakiwa ni kujua mvua ile ilitoka kwa nani.

Mungu hamtupi mja wake. Nikajitokeza kabla hajamaliza. Nikasema Bosi, mvua ile ni yangu. Kwetu Hunan, nikasema Fulan, mvua inanyesha nusu mwaka, tumezaliwa nayo kooni. Bosi akanitazama kwa heshima. Nilikuwa tayari nimekikalia kiti kwa mawazo.

Akasema tupime. Nikaingia, nikakaa. Ah! Ndugu yangu shajara, kile kiti! Kinakukumbatia kiunoni. Magoti yalitoa mlio wa shukrani. Nikasoma. Bosi akasikiliza, akasema mvua, tena nzuri, ya masika.

Halafu akaingia Dongmei. Akasoma. Bosi akasema hii pia mvua, ya vuli. Nikapinga, nikasema anaiga. Bosi akasema hebu nyote tokeni, mpumzike, tutarudia. Tukatoka. Mlango ukafungwa, ndani hakuna mtu. Bosi akainua kidole: "Ngojeni." Akafumba macho. "Bado inanyesha."

Kiti kitupu kilikuwa kinanyesha.

Bosi akafikiri. Unaweza kumwona Bosi akifikiri, masikio yanasogea. Akasema basi hakuna haja ya mtu. Kiti kinafanya vizuri kuliko nyote wawili, hakipumziki, hakiombi likizo ya sikukuu, tena kinanyesha sawasawa bila matone ya Hunan. Akaamuru kirekodiwe.

Nimefika umri huu nimeshindwa na watu wengi. Na kiti, hii ni mara ya kwanza. Kiti kimepata kazi, mimi nimekosa kiti!

Kuang alipoona hivyo akafungua kioo chake, akatafuta, akapata matumbo mawili. Akatazama vitufe. Kwenye kitufe kimoja cha safu ya chini, katikati, palikuwa na mafuta mekundu ya pilipili. Akaninong'oneza: "Mzee Liao, pilipili hii ya nani?" Nikamjibu kiwandani hapa anayependa pilipili anajulikana, chupa iko kwake, mkatafute mezani kwa kulehemu. Alinitazama sana. Kisha Bosi akamshika bega, akamwita mvumbuzi wa mvua, akamwahidi chumba chenye dirisha. Na yule kijana mwenye adabu zake zote hakusema kitu! Akafuta kitufe kwa shati lake.

Kosa nilifanya mimi, kwa jasho langu, kwa vidole vyangu! Sifa kachukua msomi!

Hedifoni za kuongelea zitaendelea na jembe, za kulalia zitakuwa na matumbo mawili. Na kwa kuwa za kuongelea bado zinahitaji msemaji, Chumba cha Sauti kimekwenda kwa Guan Dongmei. Bosi hakurudia majaribio. Alisema jana mtu aliyeshika fremu ya mlango asiingie kwenye kazi huenda haitaki.

Jumatano, 12 Juni

Maboksi yameongezeka maradufu. Hedifoni za mvua zina boksi kubwa, na ndani unatia pia barakoa ya macho na pakiti ya chai. Nani anazifungasha? Kwa kusimama?

Mchana Dongmei ameshuka kutoka ghorofa ya tatu akaja mezani kwangu. Nikakaza uso. Alisema ameongea na Bosi na Bosi amekubali. Yeye atakaa Chumba cha Sauti asubuhi, mimi alasiri mpaka jioni. Alisema koo lake halistahimili kutwa nzima. Kuang pia amesema wanunuzi wa hedifoni hawaongei wote kama redio, wanahitaji sauti ya mtu wa mlimani, asiyetofautisha nne na kumi, waone kama mashine itavumilia. Alisema: "Kiti kipo, Kaka Liao. Njoo tu kesho baada ya kula."

Alisema hivyo huku anatazama magoti yangu.

Mimi si mtoto. Nimeishi Shenzhen miaka mingi, nimelala vitanda vya juu vya mabweni mengi, sijawahi kuona mtu akigawa kiti bila sababu. Nani anatoa nusu ya kiti? Mwenye kukijua ubaya wake! Labda kiyoyozi kinavuja. Labda anataka nizoee, kisha aninyang'anye niumie zaidi. Labda Kuang amemwambia kuhusu kitufe na wananivuta karibu wanikamate. Na hata kama ni kweli, nusu ya kiti ni aibu. Watu watasema nimebebwa na mwanamke wa kulehemu.

Nikamwambia asante sana dada, lakini mimi napenda kusimama. Kunaleta nidhamu.

Akaniuliza nina hakika. Nikasema sana. Akauliza tena. Nikampa mgongo, nikaendelea na boksi. Akapanda ngazi. Nilipogeuka nimejisifu: mtego mzuri, lakini nyani mzee hanaswi.

Na Mungu mkubwa! Saa hiyohiyo akapita Mzee Tong wa ghalani juu ya foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Sijui nimekuwa kipofu miaka yote hii. Yule mtu amekaa! Anafanya kazi akiwa amekaa, tena kwenye kiti kinachotembea! Nimeuliza pembeni. Ana mwaka mmoja kabla ya kustaafu, anapenda samaki wa mto, na hapendi kabisa mtu aguse breki zake. Basi mpango umejipanga wenyewe kichwani. Hauna kasoro, safari hii nimeukagua pande zote.

Nimetoka sasa hivi kumnunulia samaki sokoni, kwa miguu, kwenda na kurudi. Magoti yananilaani njiani kama wakwe. Yavumilie. Ni siku chache tu.